Mdoli Aliyekatwa Nywele

Siku ya Idi pili mama alimchapa mdogo wangu kwa sababu ya mdoli, na mimi ndiye niliyekwenda kumsemea.

Nilikuwa na miaka 11, yeye 7. Tulikuwa tunakaa Mbagala, chumba na sebule, mama akiuza vitumbua asubuhi na kushona nguo za watu mchana. Mwaka ule biashara ilikwenda vizuri kidogo. Basi katika kutafuta nguo za Idi kwenye mitumba ya Ilala, mama akamwona mdoli mmoja amelala juu ya rundo la viatu vya watoto. Mdoli mweupe, mwembamba kama fito, miguu mirefu, kiuno cha nyigu, nywele za njano zinafika makalioni. Akatoa shilingi 2,000 akamletea binti yake. Mtaani kwetu hapakuwa na mtoto mwingine mwenye mdoli wa dukani. Wengine walikuwa na wa matambara, au gunzi la muhindi lililofungwa kipande cha kanga.

Kesho yake nikamkuta mdogo wangu nyuma ya choo, kashika mkasi wa mama wa kushonea, nywele za njano zimetapakaa chini kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Mdoli kabaki na upara wenye vitundu vitundu. Nikatoka mbio: "Mama! Mama! Kaharibu mdoli!" Mama hakuuliza kitu. Alichapa huku machozi yanamtoka, kila fimbo na neno lake: "Hela ya vitumbua! Hela ya vitumbua!" Mdogo wangu hakujitetea. Na mimi, sina budi kukiri, nilikuwa mlangoni nachungulia.

Mdogo wangu sasa ana miaka 20. Mwaka jana alianza kujitanda mtandio hadi ndani ya nyumba. Tukadhani ameshika dini. Kumbe anaficha uso. Alikuwa anapaka mkorogo, mchanganyiko ule wa krimu unaopimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kikopo kisicho na jina. Ngozi ya mashavuni ilikuwa imeungua, imefanya mabaka mekundu na meusi, jua likimpiga kidogo tu analia. Nikamuuliza, "Nani kakwambia wewe mbaya?" Hakunijibu. Aliniangalia tu, kwa muda mrefu, halafu akaendelea kuosha vyombo.

Ndugu msomaji, mimi elimu yangu ni kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nikishindwa kuelewa jambo huwa nakimbilia vitabu. Safari hii nilianza kumtafuta mdoli yule: alitoka wapi, na alikuja kwetu kufanya nini. Nilichokikuta kilinishangaza. Nilikuta historia ndefu ya watu wazima, wengine wasomi wakubwa, wengine wasanii, waliofanya alichofanya mdogo wangu nyuma ya choo. Wao walimwendea mdoli kwa kisu, kwa kalamu, hata kwa oveni. Fimbo hawakupata, ila wapo walioshitakiwa mahakamani. Tutafika huko.

MDOLI ALIVYOZALIWA

Mdoli wa mama alikuwa wa kuiga, hana hata jina. Lakini anayeigwa anajulikana dunia nzima: Barbie. Na Barbie mwenyewe, bwana, naye ni wa kuiga.

Mwaka 1952, katika gazeti la Bild la Ujerumani Magharibi, mchoraji Reinhard Beuthien alianzisha katuni ya msichana aitwaye Lilli. Lilli alikuwa na nywele za dhahabu, maneno ya mtego, na ufundi wa kuwachezea akili wanaume wenye pesa. Katuni ikapendwa, na mwaka 1955 akatengenezewa mdoli. Mdoli huyo hakukusudiwa watoto. Aliuzwa hata kwenye maduka ya sigara, na wanaume walimnunua kama kitu cha mzaha wa kiutu uzima.

Mwaka 1956 Ruth Handler, Mmarekani, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, alimwona Lilli akiwa safarini Uswisi na binti yake Barbara. Akanunua, akarudi naye kwao. Tarehe 9 Machi 1959, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini New York, Barbie akatolewa hadharani: urefu inchi 11 na nusu, bei dola 3. Mwaka wa kwanza waliuzwa zaidi ya 300,000.

Tumtendee haki mama huyu. Enzi zile mdoli wa msichana alikuwa kitoto kichanga, wa kubebwa na kubembelezwa, maana yake msichana afanye mazoezi ya kuwa mama na basi. Handler alitaka binti naye acheze mchezo wa kuwa mtu mzima, mwenye kazi na nguo zake na maisha yake. Nia haikuwa mbaya. Lakini umbo lililobeba nia ile lilikuwa la Lilli, umbo lililochorwa ili wanaume wacheke na kutamani, sasa limewekwa mikononi mwa watoto. Mwaka 1965 akatoka Barbie mmoja wa kulala usiku na rafiki zake. Vifaa vyake vilikuwa na mizani ndogo iliyoganda kwenye ratili 110, yaani kilo 50, pamoja na kijitabu cha jinsi ya kupunguza uzito. Ushauri wa kijitabu chenyewe ulikuwa mfupi mno: usile.

Hebu fikiri. Mtoto wa miaka 6 anapewa mzani kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

SWALI LA WANASESERE WANNE

Lakini turudi nyuma kidogo, kabla Barbie hajazaliwa, kwa sababu wa kwanza kumfanya mdoli shahidi hawakuwa wasanii. Walikuwa mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark. Waliwachukua watoto weusi 253, wa miaka 3 hadi 7, wengine kutoka shule za kibaguzi za Arkansas, kusini, wengine kutoka Massachusetts, kaskazini. Kila mtoto akawekewa wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Akaambiwa: nipe unayependa kuchezea. Nipe mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Nipe anayefanana na wewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Karibu theluthi mbili ya watoto walichagua kuchezea mweupe. Na walipofikishwa kwenye swali la kufanana, wapo walioangua kilio na kukimbia chumbani. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotamka kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, kazi ya Clark ilitajwa ndani ya hukumu.

Hapa naomba utazame jambo moja. Wanasesere wale hawakusema neno. Hawakuwa wamevaa kibao cha "mimi mzuri" na "mimi mbaya". Mtoto wa miaka 3 aliingia chumbani na jibu lake tayari, kalipata kwingine. Mdoli alikuwa kioo tu.

JINA LETU LOS ANGELES

Kama kioo kinaonyesha sura mbaya, wapo wanaosema tutengeneze kioo kingine. Mwaka 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto kwa ghasia za watu weusi waliochoshwa na polisi na ufukara, na watu 34 walikufa. Baada ya moshi kutulia, wanaharakati wawili, Lou Smith na Robert Hall, walianzisha mradi wa kuwapa watu wa pale ujuzi na kazi. Mwaka 1968 mradi huo ukazaa kiwanda cha midoli ya watoto weusi, na kiwanda wakakiita kwa lugha yetu: Shindana. Mdoli wao wa kwanza aliitwa Baby Nancy.

Mpaka hapo midoli mingi "meusi" ya Marekani ilikuwa ya weupe iliyopakwa rangi. Mwaka 1967 Mattel walitoa mdoli mweusi aliyeitwa Francie, lakini uso wake ulitoka kwenye kalibu ileile ya Francie mweupe, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa. Shindana walichonga uso upya, pua na midomo ya mtoto wa Watts. Cha ajabu, mtaji na utaalamu wa kuanzia ulitoka kwa Mattel haohao. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, lakini mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa katika jumba la heshima la vitu vya kuchezea vya Marekani.

Niliposoma habari ile nilisimama nikatoka nje nikatembea. Watu wa Watts walikuja kutafuta jina kwenye Kiswahili chetu ili mtoto wao ajipende, na sisi wenye Kiswahili tuko Mbagala tunapima krimu kwa kijiko.

ALIYEVUNJA KWA KALAMU

Sasa tuje kwa mwandishi, na hapa akina sisi chipukizi tusogeze viti. Toni Morrison alikuwa mhariri wa vitabu, mama wa watoto wawili asiye na mume nyumbani, anaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mwaka 1970, akiwa na miaka 39, alitoa riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye. Miaka 23 baadaye, 1993, akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo usikate tamaa ukiwa na miaka 24 na daftari moja.

Nilisoma kitabu kile kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi pembeni, mwezi mzima. Kina wasichana wawili weusi, katika mji alikozaliwa mwandishi mwenyewe, Lorain, Ohio. Mmoja, Pecola, anaomba kwa Mungu apewe macho ya buluu, akiamini kwamba akiyapata watu watampenda. Mwingine, Claudia, anapewa zawadi ya Krismasi mdoli mkubwa mweupe wa macho ya buluu, na anamvunja. Anamfumua kiungo kwa kiungo, anataka kuona ndani kuna nini kinachowafanya wakubwa wote wampende. Ndani hamna cha maana. Na wakubwa wanapokasirika, hasira yao inatokana na uchungu: wao walipokuwa wadogo walimtamani mdoli wa namna hiyo wasimpate.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimwona mama na fimbo yake. Miaka yote nilidhani alilia kwa ajili ya shilingi 2,000.

KISU MASHAVUNI

Mwaka 1987 kijana mmoja mwanafunzi wa sanaa, Todd Haynes, alitengeneza filamu ya dakika 43 iitwayo Superstar. Inaeleza maisha ya Karen Carpenter, mwimbaji na mpiga ngoma wa kundi la The Carpenters alilounda na kaka yake Richard. Karen alikuwa na sauti ambayo hata redio za kwetu ziliipiga. Alikuwa pia na ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya unene, unaoitwa anoreksia. Tarehe 4 Februari 1983 moyo wake ulishindwa. Alikuwa na miaka 32.

Haynes hakutumia waigizaji. Alitumia midoli ya aina ya Barbie, katika vyumba vidogo vya maboksi. Ukianza kuangalia unacheka: mdoli anashika maikrofoni, mdoli anakaa mezani na wazazi. Halafu kicheko kinakwisha. Kadiri Karen anavyokonda, Haynes alichukua kisu akawa anachonga mashavu na mikono ya mdoli. Plastiki inakwanguka, shavu linaingia ndani, na yule mrembo ambaye tayari alikuwa mwembamba kuliko mwanamke yeyote aliye hai anaendelea kupunguzwa mbele ya macho yako.

Niliiona kwenye simu, nakala mbovu yenye chenga, kwa sababu filamu ile ilipigwa marufuku kuonyeshwa. Nyimbo zilitumiwa bila ruhusa, kaka yake Karen akafungua kesi, na mwaka 1990 ikaondolewa hadharani. Sitaki kumhukumu kaka yule. Filamu inawachora watu wa nyumba ile kwa ukali, na ya nyumba ya mtu hujui. Lakini neno "kaka" lilinigusa pabaya.

SAUTI ILIYOMO NDANI

Mwaka 1992 Mattel walitoa Barbie anayesema. Ndani ya kiwiliwili kulikuwa na kisanduku cha sauti chenye sentensi nne zilizochaguliwa kutoka 270. Mmoja katika sentensi zake alisema somo la hesabu ni gumu. Kelele zikapigwa, sentensi ikaondolewa. Lakini kundi moja la wachokozi lililojiita Barbie Liberation Organization halikuridhika. Mwaka 1993, kuelekea Krismasi, walinunua midoli hii pamoja na midoli ya askari G.I. Joe inayosema. Wakaifungua kwa bisibisi, wakabadilishana visanduku vya sauti, wakafunga, wakairudisha kwenye rafu za maduka, mamia kadhaa. Watoto wakafungua zawadi. Barbie akanguruma kwa sauti ya kiume habari za kisasi. Askari mwenye bunduki akaanza kupanga harusi ya ndoto zake kwa sauti nyororo.

Ni mzaha, ndiyo, na mimi nilicheka peke yangu kitandani. Lakini walithibitisha jambo: sauti haikuwa ya mdoli. Ilitiwa. Na kilichotiwa kinaweza kutolewa, alimradi ujue bisibisi uiingize wapi.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa. Nilijiuliza: ningeweza kufungua kichwa cha mdogo wangu nikatoa kile kisanduku, kingekuwa na sauti ya nani? Ya Ruth Handler? Ya Mjerumani na katuni yake? Mdogo wangu hawajui watu hao.

Nikakumbuka. Nyumbani kwetu wote ni weusi, ila yeye kazidi kidogo, kachukua kwa baba. Mimi nilimpa jina. Nilimwita Masizi. "Masizi, lete maji." "Masizi, usikae gizani tutakukanyaga." Wenzangu wa mpira wakalidaka, shuleni likafika, hadi anamaliza darasa la saba walimu wengine walikuwa hawajui jina lake la kweli. Na siku ile ya mdoli, kabla sijakimbia kwa mama, nilisimama pale nyuma ya choo nikamwambia: "Masizi, unamwonea wivu mdoli kwa sababu yeye mweupe."

Hilo ndilo jibu aliloninyima alipokuwa anaosha vyombo.

OVENI NA MAHAKAMA

Mwaka 1997 mpiga picha wa Utah, Tom Forsythe, alipiga picha 78 za Barbie akiwa uchi katikati ya vyombo vya jikoni. Katika picha mojawapo midoli minne imeviringishwa ndani ya chapati za Kimeksiko, imemwagiwa sosi, iko ndani ya oveni iliyowashwa. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mwanamke anatengenezwa kitu cha kuliwa kwa macho. Mwaka 1999 Mattel wakamshitaki. Kampuni kubwa kuliko zote za midoli dhidi ya mtu ambaye mapato yake yote kutokana na picha zile yalikuwa dola 3,659. Na sikiliza hii: mahakama iliona kwamba angalau nusu ya mauzo yake yalitokana na wapelelezi wa Mattel wenyewe, waliozinunua ili wapate ushahidi.

Mwisho wa Desemba 2003 mahakama ya rufaa ilimpa Forsythe ushindi: msanii anayo haki ya kumtumia Barbie kumkosoa Barbie. Mwaka 2004 Mattel wakaamriwa kulipa gharama zake za kesi, zaidi ya dola milioni 1.8.

Tangu hapo kampuni nayo imejifunza. Mwaka 2016 walitangaza maumbo mapya, mwenye nyama, mrefu na mfupi. Mwaka 2023 ikatoka filamu ya Greta Gerwig, ndani yake Barbie anasimangwa na kampuni inatiwa mzaha, na ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.4. Ukosoaji nao umepangwa rafuni, una bei. Sisemi ni hasara tupu. Nasema tusitegemee duka litusemee uchungu wetu.

NA SISI JE?

Nilikwenda Kisarawe kumwona bibi mzaa mama nikamhadithia yote haya. Akacheka, akaniuliza kama najua mwana hiti. Nilikuwa nalijua jina tu. Ni mwanasesere wa mti wa sisi Wazaramo na jirani zetu Wakwere: hana mikono, hana miguu, uso haukuchongwa kwa undani, ila kichwani ana kishungi cha nywele kilichogawanyika pande mbili. Zamani mwali akiwekwa ndani alipewa, akamwosha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake. Bibi alisema, "Yule hakukwambia uwe na pua gani."

Ni kweli, lakini nisimpambe sana mwana hiti. Yeye naye alikuwa na somo lake, kwamba mwali kazi yake ni kuzaa, na mwanamke asiyezaa alilipata cha moto. Kila mdoli ana mtu mzima nyuma yake anayemsemea.

Na hapo, waandishi wenzangu, nataka tuingie jikoni kwetu. Niliporudi nilifungua daftari la riwaya yangu, ukurasa wa kwanza, pale anapotokea msichana mhusika mkuu. Nimeandika hivi: rangi ya maji ya kunde, macho ya kungu, kiuno cha nyigu, meno kama mchele, shingo kama ya twiga. Nilisoma mara tatu. Nimemtoa wapi? Sijawahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Nimemwokota kwenye hadithi nilizosoma, na waliotangulia wakamwokota kwa wenzao. Ni mdoli wa maneno. Anapita mkono kwa mkono kama wa mitumba, na sisi tunamwuza tena. Halafu mhusika mweusi sana tunampa kazi gani? Mchawi, mpishi, au mwizi. Nani kati yenu hajafanya? Inueni mkono.

Ndiyo maana naona kazi za akina Morrison na Haynes si habari za ng'ambo tu. Wamenionyesha kwamba urembo wa mdoli hauvunjwi kwa kutukana walimbwende wala kwa kuhubiri. Unavunjwa kwa kuonyesha unavyotengenezwa: ndani mtupu, shavu linachongwa, sauti imetiwa. Mwandishi hana kisu wala bisibisi, ila anaweza kumtazama mtu aliye mbele yake na kuandika alichokiona.

Nilichana ukurasa ule. Mpaka leo sijaweza kuandika mwingine, sitawadanganya.

Usiku mmoja nilimsomea mdogo wangu makala haya, taa ya chemli katikati yetu maana umeme ulikatika. Uso wake umeanza kupona. Muuguzi alimkataza krimu zote na jua la mchana, naye amefuata, ingawa mabaka mawili hayajaondoka. Nilipofika kwenye mkasi alinikatisha.

"Kaka, mi sikumharibu."

"Ulikuwa unafanya nini basi?"

"Nilikuwa namsuka. Nilitaka kumsuka twende kilioni kama mimi, nywele zake zikawa zinateleza, hazishiki. Nikakata ili nimbandikie uzi mweusi. Uzi nilikuwa nao mfukoni."

Miaka 13 na hakuna aliyemuuliza. Nilidhani ni Claudia, kumbe alikuwa kiwanda cha Shindana, mtu mmoja, mkasi mmoja, nyuma ya choo.

Nilimwomba radhi kwa lile jina. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumbana. Nikamwomba ruhusa nikichapishe kisa hiki bila kumtaja jina. Akafikiri kidogo, akajifunika shuka.

"Andika," akasema. "Ila safari hii usinisemee. Sema ya kwako."

Basi haya ndiyo ya kwangu.